Ya Kale ni Dhahabu, Lakini kwa Nani?

Mwezi Januari 2023, katika mji wa Las Vegas huko Marekani, pikipiki moja ya Harley-Davidson iliyoundwa mwaka 1908 iliuzwa mnadani kwa dola 935,000. Miaka mitano kabla yake, katika mji huo huo, Vincent Black Lightning ya Kiingereza ilikuwa imeuzwa kwa dola 929,000. Wako watakaosema hiyo ni anasa ya matajiri, wakafunga mjadala. Sisi tunaona kwamba yafaa kwanza tujiulize thamani hiyo imetoka wapi, na ni nani aliyeijenga.

Tuitazame Uingereza. Pikipiki za BSA, Triumph na Norton hazikuundwa ziwe vito vya sandukuni. Zilikuwa chombo cha mfanyakazi asiyemudu motokaa, aliyempakia mkewe ubavuni na kwenda naye pwani siku ya mapumziko. Wenye viwanda walichuma faida, lakini mitambo waliiacha izeeke, na pikipiki ndogo za Kijapani wakazidharau. Mwaka 1969 Honda ilitoa CB750 yenye silinda nne, breki ya diski na kitufe cha kuwashia. Dharau ikageuka majuto.

Septemba 1973 wakuu wa Triumph walitangaza kwamba kiwanda cha Meriden kitafungwa. Wafanyakazi walikikalia kiwanda chao, na mwaka 1975, kwa msaada wa serikali, wakaanza kukiendesha kwa ushirika. Ushirika huo ulianguka mwaka 1983. Hatusemi kwamba haukuwa na makosa yake. Lakini insafu yatutaka tukumbuke kwamba wafanyakazi wale walirithi mtaji haba, na pikipiki ambayo asili yake ni mwaka 1959. Leo pikipiki zilizotoka mikononi mwao hutafutwa na wakusanyaji, na faida ya mnada haimfikii hata mmoja wao.

Aidha, majina yenyewe yamehama. Royal Enfield, iliyozaliwa Redditch, ilianza kuundwa Madras mwaka 1955, na India ndiyo iliyoihifadhi baada ya kiwanda cha kwao kufa. Jina la BSA lilinunuliwa na kampuni ya Kihindi mwaka 2016, na Norton mwaka 2020. Koloni la jana ndilo mrithi wa leo.

Sasa wako watu ambao, baada ya kazi zao za mchana, huokota mabaki haya na kuyafufua. Chama chao kikongwe nchini Uingereza kimekuwapo tangu mwaka 1946. Kazi yao si mchezo. Nati za pikipiki hizo ni za vipimo vya kale vya Kiingereza, hazishikwi na spana za milimita. Nambari ya injini sharti ilingane na ile ya fremu katika kumbukumbu za kiwanda. Kipuri kisichopatikana huchongwa upya kwa mkono. Mtu wa namna hii twamheshimu, maana jasho lake limeingia katika chuma.

Taabu huanza bei inapopanda. Hapo ndipo vipuri hufichwa vingoje tajiri, nambari za injini hughushiwa, na kijana mwenye hamu ya kujifunza hukosa hata mtambo mbovu wa kujifunzia. Tutaambiwa kwamba bila ya soko chuma hicho kingeyeyushwa zamani. Ni kweli, na hatulikani. Pikipiki nane za Brough Superior zilizokutwa Cornwall, zimelala kwa miongo mingi katika kutu, zilipata wanunuzi mwaka 2016 kwa sababu zilikuwa na bei.

Lakini soko huokoa chuma tu, haliokoi ujuzi. Septemba 2003 moto uliunguza makumbusho ya taifa ya pikipiki karibu na Birmingham, na mamia ya pikipiki yakateketea. Fedha peke yake isingeweza kuzirudisha, kwani nyingine hazikuwa na mfano sokoni. Zilirudishwa na mafundi waliojua kila skrubu inakaa wapi, na mwaka uliofuata makumbusho yakafunguliwa tena. Wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi akifa bila ya mwanafunzi, koleo jipya halifai kitu.

Hili latuhusu na sisi, ambao mafundi wetu chini ya miembe hufufua pikipiki kila siku kwa ajili ya riziki, si kwa burudani. Ujuzi wao ni amana. Haki yake ni ujira wa halali na vijana wa kuurithi. Atakayengoja mpaka upewe bei mnadani atakuwa amechelewa.