Sinia la Noeli na Mwenye Kisukari

Waliowahi kuishi jirani na Wagoa, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, wanalijua sinia linalopita nyumba hadi nyumba siku za Noeli. Vitamu vilivyomo huitwa kwa jumla kuswar. Kuna neureo, mithili ya sambusa ndogo zilizojazwa nazi tamu. Kuna dodol, nyeusi na ya kunata. Na kuna bebinca, keki ya unga, viini vya mayai, tui na samli, inayookwa tabaka moja baada ya jingine mpaka mpishi achoke. Goa ilitawaliwa na Wareno tangu 1510 hadi 1961, na katika sinia hilo mayai na keki za Wareno zimekutana na nazi na sukari guru za pwani ya India.

Mwaka mmoja jirani yetu, mama mtu mzima wa Kigoa mwenye ugonjwa wa kisukari, alinikaribisha kwake siku ya pili ya Noeli. Akanisogezea neureo, naye akala nne. Nilipomtazama akacheka: "Usihofu, mwanangu. Mwaka huu sikutia sukari. Nimetia sukari guru tupu." Jioni ile alikunywa maji asikate kiu, na asubuhi yake kipimo kilikuwa juu kiasi cha kumpeleka hospitali.

Simlaumu. Maneno hayo yanasemwa sokoni, jikoni, hata na watu waliosoma. Yafaa ieleweke kuwa sukari guru ni maji ya miwa au ya mnazi yaliyochemshwa mpaka yakaganda, na zaidi ya robo tatu yake ni sukari. Asali nayo ni vivyo hivyo. Damu haiulizi kama sukari iliyoingia ilikuwa nyeupe au ya kahawia.

Tena hata angeiondoa sukari yote, ungebaki unga. Gramu 100 za unga wa ngano zina wanga kiasi cha gramu 76, na unga wa mchele haupungui hapo. Wanga huo ukishasagwa tumboni huwa sukari. Ndugu zetu Wahindu, wanapopika laddu za unga wa dengu kwa ajili ya Diwali, wana nafuu kidogo: dengu ina wanga wapata gramu 58, na protini yake ni kama mara mbili ya ile ya ngano. Lakini nafuu hiyo humezwa mara moja na sukari inayomiminwa humo. Si jambo dogo. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kuwa India ina wagonjwa wa kisukari zaidi ya milioni 100.

Je, mgonjwa akae pembeni na kikombe cha chai kavu wakati wengine wanasherehekea? Mimi nakataa. Ila nakataa pia mtindo wa kutengeneza kila kitamu upya na kukiita "cha kisukari". Dodol bila unga wa mchele na sukari guru si dodol tena. Bebinca bila unga na sukari ni mayai ya kukaanga yenye kungumanga. Vitu hivyo viwili viacheni kama vilivyo, na mgonjwa apewe kipande chembamba baada ya chakula, kimoja, basi. Na siku hiyo apunguze wali. Ni heri hicho kuliko kuiga vibaya, kisha mtu akala vipande sita kwa kuwa ameambiwa havina neno.

Neureo ni habari nyingine. Utamu wake uko ndani, kwenye nazi. Ganda la ngano ni mfuko tu. Basi uondoeni mfuko. Chemsheni lita moja ya maziwa, kamulieni ndimu mpaka yakatike, chujeni kwa kitambaa safi na kukamua. Sehemu kubwa ya sukari ya maziwa huondoka na yale maji. Wabengali hutumia jibini laini kama hii kwa vitamu vyao. Kaangeni kikombe cha nazi iliyokunwa katika kijiko cha samli mpaka inukie, mtie ufuta, iliki na korosho chache zilizotwangwa. Nazi mbichi, gramu 100, ina wanga gramu 15, na kati ya hizo 9 ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari. Kandeni pamoja na jibini, mtie zabibu kavu chache sana zilizokatwakatwa, mfinyange vidonge vidogo. Kwa kuwa vina maziwa, viliwe siku hiyohiyo au kesho yake kama kuna friji. Nazi, samli na korosho zina mafuta mengi, hivyo vidonge viwili vinatosha.

Neno moja kwa wanaotumia sindano za insulini au vidonge kama glibenklamaidi. Ukipunguza wanga ghafla na dawa ikabaki kiasi kilekile, sukari yaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Hapo mgonjwa aliye na fahamu apewe upesi maji ya sukari au soda ya kawaida. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Mabadiliko ya chakula yazungumzwe na mganga kabla ya sikukuu, si baada yake.

Jirani yangu siku hizi hupanga vile vidonge vya nazi kwenye ukingo wa sinia lilelile, vikichanganyika na vingine. Lalamiko lake ni moja tu: wajukuu huanza navyo, na yeye akifika mezani hukuta imebaki dodol.