Kabla ya Kununua Tela la Kukunja, Likunje Mwenyewe

DIRISHA LA UGHAIBUNI
Na Zuhura Mwinyikai

Muuzaji hodari hulifungua tela la kukunja mbele yako kabla hujamaliza kumsalimia. Anafungua komeo, anasukuma paa, springi zinamsaidia, na lile boksi lililokuwa limelala linageuka chumba chenye kitanda, jiko na sinki. Mteja tayari anapapasa pochi. Lakini ameonyeshwa nusu ya kazi tu, tena iliyo rahisi.

Nazungumzia matela ya kambi yenye kuta ngumu, yanayopendwa Marekani na Kanada na watu wasiotaka kuburuta nyumba nzima barabarani. Aliner, likisimama, ni pembetatu. TrailManor lina maboksi mawili, la juu likilifunika la chini wakati wa safari. Yote mawili hupita chini ya upepo, hivyo gari halinywi mafuta kama linapovuta karavani refu, na dereva anaona nyuma.

Kwa nini basi mtu asichukue la turubai, ambalo ni jepesi zaidi? Sababu mojawapo ni dubu. Kambi ya Fishing Bridge ndani ya hifadhi ya Yellowstone, Marekani, haipokei mahema wala matela ya turubai, kwa kuwa dubu wakubwa aina ya grizzly hupita pale. Lake Louise, Kanada, wenye turubai hulala ndani ya uzio wa umeme, na wenye kuta ngumu wana eneo lao. Hapa pana mtego: yapo matela ya pembetatu ambayo kibanda cha juu ya kitanda kimezibwa kwa turubai. Hayo si ya kuta ngumu, hata muuzaji aape. Uliza kambi unayokwenda kabla hujalipa.

Nikilikagua tela lenyewe, mimi ningeanzia kwenye maungio. Karavani la kawaida lina paa moja lililotulia. La kukunja lina bawaba na mipira ya kuzuia maji kila upande, na kila ukunjaji unaisugua. Maji yakipenya, mbao za sakafu huoza kimyakimya chini ya zulia zuri. Kwa lililotumika, bonyeza sakafu kwa kisigino kwenye pembe zote, fungua makabati ya chini, nusa. Harufu ya ukungu haidanganyi, na manukato mengi ndani ya tela yananipa shaka zaidi. Hi-Lo, ambalo nusu yake ya juu hushuka juu ya ile ya chini, bado linauzwa mkononi kwa bei ya kuvutia, ila haliundwi tena; ujue vipuri utavitafuta mwenyewe.

Kisha mwambie muuzaji akae pembeni. Likunje peke yako, ulifungue tena, ukifikiria upepo. Kuta za pembetatu zikiwa nusu njia hushika upepo kama tanga la jahazi, na mvua ikinyesha wakati huo kitanda kinapata sehemu yake. Mgongo wako ukilalamika pale dukani, kambini utapiga kelele.

Uzito nao husemwa nusunusu. Tangazo hutaja tela tupu. Lita 75 za maji ni kilo 75, bado mtungi wa gesi, betri, vyombo na makopo ya maharage. Soma kibandiko cha uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa tela lenyewe, uone kilichobaki. Halafu asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inatakiwa iegemee kwenye ndoano ya gari. Ikipungua, tela huanza kuyumba barabarani. Gari dogo lisipoumudu uzito huo, hakuna ubishi: halifai.

Na barabarani, tela likiwa limekunjwa, hakuna kuingia kuchemsha chai wala kukimbilia choo kando ya njia. Wauzaji hawalitaji hili hata kidogo.

Kwa watu wawili wenye gari dogo na gereji fupi, ningechagua pembetatu bila kusita, mradi mrefu kati yao akubali kusimama wima katikati tu. Wenye watoto watatu waachane nalo. Pembe zile zinakula nafasi yote ya vichwa. Watafute TrailManor lililotumika, na waende kuliangalia siku ya mvua.