Baba kasikia kibanda umiza kwamba chanjo inafunga uzazi

SEHEMU YA 1

Akina baba mnaochungulia kwenye simu za wake zenu, karibuni, leo ni zamu yenu pia. Jambo lenyewe refu, kwa hiyo naligawa vipande sita. Ukipata dakika kumi mtoto akiwa amelala, soma mpaka mwisho.

Wiki tatu zilizopita mama mmoja alikuja kliniki kumpima mtoto uzito. Alipomaliza hakuondoka. Akasogea mezani kwangu, akasema kwa sauti ya chini: "Sista, kuna ile chanjo ya wasichana. Siku waliyochanjwa shuleni mkubwa wangu alikuwa anaumwa. Nataka aipate, ila baba yake kakataa. Anasema inafunga uzazi." Nikamuuliza baba kayasikia wapi. "Kibanda umiza."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mwambie mumeo mpira ni mpira, mambo ya tiba atuachie sisi." Mama akatabasamu kidogo, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Mpaka leo hajarudi.

Binti yake ana miaka 14 na anatimiza 15 Desemba. Hapa kwetu Tanzania chanjo hii ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mnaona hesabu? Mimi nilicheka sekunde tano, na anayeweza kulipa ni mtoto wa mwenzangu.

SEHEMU YA 2

Lile jambo lilinikaa rohoni. Siku ya mechi ya watani nikamwambia mdogo wangu wa kiume, twende wote huko kibandani kwenu. Akashangaa. Nikalipa kiingilio, nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango, joto hilo jamani!

Kipindi cha kwanza ni Simba na Yanga tu, kelele mpaka mabati yanatikisika. Ilipofika mapumziko, ndipo nikaelewa. Zile dakika kumi na tano watu hawazungumzi mpira peke yake. Mmoja anasema tangu aanze kutafuna kitunguu saumu ameacha vidonge vya presha na anajisikia safi. (Baba yangu, presha haikuambii ikipanda. Vidonge haviachwi kwa kujisikia, vinaachwa daktari akisema.) Mwingine anauliza kama vinywaji vya kuongeza nguvu vinaharibu figo. Wa tatu anatafuta wa kwenda naye kukimbia ufukweni Jumapili, kitambi kimemzidi. Maongezi mazuri kabisa, ya watu wanaojali afya zao.

Kisha kijana mmoja mwenye jezi nyekundu akasema, "Chanjo mimi hapana. Mnamkumbuka Eriksen? Si chanjo ile?" Wakaitikia wengi. Hapohapo mwingine akaunganisha: "Na hizi za mabinti mashuleni, lengo wasizae." Wakatikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza kitu.

Nikawaza: hawa ndio walewale ambao dakika ishirini kabla walibishana kama mshambuliaji alikuwa ameotea kwa kidole cha mguu!

SEHEMU YA 3

Nilitaka kusimama nitoe somo. Mdogo wangu akanishika mkono, "Dada, tulia." Na kweli, aliyejibu hakuwa mimi. Alijibu mzee mmoja wa kahawa pale pembeni, shabiki wa siku nyingi.

"Eriksen alianguka lini?" akauliza.

"2021, Euro. Denmark na Finland."

"Na Foé wa Cameroon je? Alianguka Lyon, 2003, wanacheza na Colombia, akafariki. Chanjo ya korona ilikuwepo 2003?"

Kimya.

"Na Muamba wa Bolton? 2012, pale kwa Tottenham. Moyo ulisimama, wakauamsha. Ile nayo chanjo?"

Yule kijana akacheka, "Mzee umenipiga kanzu." Na mimi ndipo nikapata ujasiri wa kuongeza la kwangu: mkurugenzi wa Inter, timu aliyokuwa akichezea Eriksen wakati ule, alisema wazi kwamba mchezaji wao alikuwa hajachanjwa. Moyo wa mchezaji unaweza kusimama ghafla kwa matatizo ya moyo wenyewe, na yalikuwepo tangu zamani. Kilichomwokoa Eriksen ni watu kujua la kufanya haraka: wakamkandamiza kifua, wakamshtua moyo kwa mashine palepale uwanjani. Mwaka uliofuata alirudi kucheza.

Mama zangu, yule mzee hakusomea uuguzi. Alitumia kumbukumbu yake ya mpira na swali moja tu: lini? Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema wanaume wa kijiweni hawafundishiki. Kupima ushahidi wanajua sana, wanafanya hivyo kila wiki. Tatizo ni kwamba kwenye mpira wanadai marudio, kwenye afya wanakubali bao la mkono.

SEHEMU YA 4

Sasa tuangalie hiyo hoja ya kufunga uzazi, kwa maswali yaleyale ya mzee.

Lini? Hapa Tanzania chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Hesabu mwenyewe: waliochanjwa mwaka ule sasa ni wanawake waliovuka 20. Mimi nakutana nao kliniki ya wajawazito. Nikiwa napima tumbo huwa nauliza, "Ulichanjwa shuleni?" Wengine wananijibu ndiyo, huku mtoto anapiga mateke chini ya mkono wangu. Majirani zetu Rwanda walianza mapema zaidi, 2011. Mabinti wa wakati ule leo wana watoto wao.

"Mbona wanatuletea sisi tu?" Hapana. Australia walianza 2007. Uingereza, huko tunakoangalia Arsenal na Manchester kila wikiendi, wasichana wanachanjwa tangu 2008.

"Mbona wasichana tu?" Swali zuri, nalipenda. Kwa sababu mlango wa kizazi anao mwanamke, na chanjo za kuanzia tumewapa walio kwenye hatari kubwa zaidi. Lakini Australia wavulana wanachanjwa tangu 2013, na Uingereza tangu 2019. Ingekuwa ni dawa ya kufunga kizazi, mvulana angepewa ya nini?

"Mbona mtoto mdogo hivyo?" Hapa ndipo akina baba wengi wanaumia, wanaona kama binti yao anatuhumiwa. Hatumtuhumu. Kirusi cha HPV kinapita kwa kujamiiana, na watu wengi hukutana nacho wakati fulani maishani, hata aliyetulia kwenye ndoa yake. Miili ya wengi hukiondoa. Kwa baadhi ya wanawake kinabaki, na baada ya miaka 10, 20, kinaleta saratani. Chanjo inakinga, haitibu. Helmeti unaivaa kabla ya kupanda boda, huivai ukiwa umeshaanguka.

Na ndani ya sindano kuna nini? Hakuna kirusi hai. Kuna umbo linalofanana na ganda la kirusi, likiwa tupu, ili mwili ujifunze kumtambua adui. Tangu 2024 hapa nchini ni dozi moja tu. Baadaye mkono unauma, wengine homa kidogo au kichwa. Wapo wanaoishiwa nguvu kwa woga wa sindano, ndiyo maana tunawaambia wakae dakika 15 kabla ya kuondoka. Hayo ni ya kweli na siyafichi.

SEHEMU YA 5

Sasa maoni yangu, na najua kuna watakaoninunia, wakiwemo manesi wenzangu.

Kosa si la baba peke yake. Sisi tumezoea kumfundisha mama. Benchi la kliniki ni la mama, somo la asubuhi ni la mama, kadi anashika mama. Baba anaambiwa tu "toa nauli". Halafu siku ya uamuzi mkubwa tunashangaa anauliza washkaji zake! Alitakiwa amuulize nani? Mtu hawezi kuamini sehemu ambayo haijawahi kumkaribisha kukaa.

Na kuuliza si ujinga. Mzazi anayeuliza "mnamchoma nini mwanangu" ana haki ya jibu kabla ya sindano, tena jibu la heshima. Mimi nilimjibu kwa kicheko. Kicheko changu kilimpa baba yule ushindi wa bure: mkewe alirudi nyumbani bila hoja hata moja mkononi.

Wapo mama wananiandikia: "Nesi, nimpeleke kimyakimya?" Naelewa kinachokufikisha hapo. Lakini ushauri wangu, usianzie hapo. Siri ya sindano haikai, mtoto mwenyewe atasema mkono unauma. Ikijulikana, baba ataamini kweli kulikuwa na jambo la kuficha, na chanjo ya surua ya mdogo wake wa miezi 9 nayo itakataliwa. Umeokoa mmoja, umemweka mwingine hatarini. Anza na maongezi. Yakigonga mwamba, njooni wote wawili, au umwambie baba aje peke yake. Nitakaa naye, sitacheka. Ila maongezi yasivutwe mpaka umri upite.

SEHEMU YA 6

Nyumbani ufanyeje? Kwanza, usimvamie akitoka kwenye mechi aliyofungwa, huo si wakati! Ngoja ametulia, amekula. Halafu usiseme "nesi kasema". Muulize maswali ya mzee wa kahawa: Aliyekwambia, aliona mwenyewe au alisikia? Ni binti gani alifungwa kizazi, wa mtaa gani, alipimwa wapi? Ilikuwa lini? Usiulize kwa kejeli. Uliza kama mnavyobishana penalti. Kisha mwambie habari za 2018, mwache ahesabu mwenyewe.

Pili, baba akija kliniki, mpishe kiti. Ajibu yeye, aulize yeye.

Tatu, na hili ni lako mama. Wewe umri wa chanjo umekupita, lakini wa kupima upo. Kipimo cha mlango wa kizazi, kile cha kupaka siki, ni cha muda mfupi, na mabadiliko yakionekana mapema yanatibika kabla hayajawa saratani. Ukiwa na miaka 30 na kuendelea, usisubiri damu isiyo ya kawaida wala maumivu. Mama wanaoishi na VVU wanatakiwa kuanza mapema zaidi, muulize anayekuhudumia. Na hata binti aliyechanjwa, akifika umri huo, atapima.

Nayasema haya kwa sababu nimewahi kufanya kazi wodi ya akina mama na naijua ile harufu ya ugonjwa uliochelewa. Mama wa miaka 42, watoto wanne, anakuuliza "nesi, nikipata damu nitapona?" na wewe unajua hatua aliyofikia. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Hakuna kibanda kinachobishana habari za mama yule, kwa sababu hakuna aliyemwona. Sisi ndio tuliomwona, na tukakaa kimya mapumziko.

Kwa hiyo nimeamua. Mechi kubwa ijayo narudi pale kibandani. Mwenye kibanda ameniahidi dakika tano za mapumziko, na yule kijana wa jezi nyekundu ameniambia, "Sista ukija na maswali yetu ujiandae." Nimejiandaa.

Na wewe mama wa wiki tatu zilizopita, mwenye mtoto mgongoni na binti wa miaka 14. Jina lako sitalitaja, namba yako sina. Kama unasoma hapa, au rafiki yako anasoma, naomba uniwie radhi kwa kile kicheko. Desemba bado haijafika. Njoo na baba yake, na jezi yake akitaka. Mimi nipo Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi.

Mwenye swali aliloleta mumewe kutoka kijiweni, aliandike hapa chini kama lilivyo. Nitajibu moja moja.