Kidonge Kisiwe cha Wenye Nacho Peke Yao

Tangu Januari 1922, kijana wa miaka 14 alipodungwa insulini katika mji wa Toronto, Canada, wagonjwa wa kisukari wasio na insulini mwilini wameokolewa kwa ncha ya sindano. Tangu wakati huo wataalamu wanatafuta njia ya kuipitisha dawa hiyo kinywani, wala hawajafanikiwa. Mwaka 2023 insulini moja ya kumezwa ilishindwa katika hatua ya tatu ya majaribio.

Ugumu wenyewe si wa ajabu. Insulini ni peptidi, yaani mnyororo wa asidi za amino, ambazo ndizo zijengazo pia protini ya nyama na maharage. Tumbo halibagui dawa na chakula, huvikatakata vyote. Na hata ile isalimikayo ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo.

Lakini mlango umeanza kufunguka. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kidonge cha semaglutidi, peptidi iwafaayo wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, ingawa haishiki nafasi ya insulini. Ndani yake mna kiungo kinachopunguza ukali wa asidi kando ya kidonge na kuisaidia dawa kupenya ukuta wa tumbo. Mgonjwa hukimeza kabla ya kula, kwa maji machache, kisha hungoja nusu saa.

Twawapongeza wataalamu, lakini hapana budi kupiga hesabu. Katika sehemu 100 za dawa hiyo, ifikayo katika damu ni kama sehemu 1 tu. Mtu adungwaye aweza kutumia miligramu 1 kwa juma. Ammezaye kidonge cha miligramu 14 kila siku hutumia 98. Kinachopotea tumboni kimekwisha kutengenezwa kiwandani, na mtu fulani amekwisha kukilipia.

Ni nani basi mwenye haja kubwa ya kidonge? Ni yule wa kijijini asiye na umeme, ambaye huiweka insulini yake katika chungu chenye unyevu, ilhali akiba yake yatakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8 za baridi. Naye ndiye mwenye mfuko mwepesi kuliko wote.

Kwa hiyo twasema: kazi haijaisha siku dawa inapovuka ukuta wa tumbo. Wataalamu na wapunguze upotevu huo. Serikali zetu nazo ziungane katika kununua, ili ziwe na sauti mbele ya wenye viwanda. Mwaka 1923 wagunduzi wa insulini waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya uvumbuzi wao kwa dola 1 kila mmoja. Walijua kwamba dawa isiyofika kwa mgonjwa bado haijagunduliwa kwake.