Mtoto wa tumboni naye huugua

Barua iliyonigusa juma hili imetoka Mtopanga, Kisauni. Dada huyu hufundisha chekechea. Ana mimba ya miezi minne na bado hajakanyaga kliniki, kwani mavyaa yake ameshikilia kuwa mimba changa haitangazwi, kwa kuchelea vijicho. Sasa watoto watatu darasani mwake wana homa na vipele, na mashavu yamewaka kama ya waliozabwa makofi. Anauliza: je, maradhi haya yatamfikia mwanangu?

Dada, huenda yakamfikia, lakini usibabaike. Mashavu ya aina hiyo mara nyingi huletwa na virusi viitwavyo pavovirusi B19, vilivyogunduliwa London mwaka 1975. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana. Tena mtoto huambukiza wenzake kabla ya vipele kutokea, kwa hivyo kumkimbia sasa ni kuchelewa. Surua na rubela pia huleta vipele. Ni kipimo cha damu kitakachobainisha.

Watu wazima wengi waliugua utotoni bila kujua, na aliyeugua mara moja hupata kinga. Hata mama akiambukizwa, watoto walio wengi huzaliwa salama. Hatari ni kubwa zaidi kabla ya juma la 20. Virusi hivi hushambulia mahali damu inapotengenezwa. Mtoto hupungukiwa damu, moyo wake hulemewa, na mwili hufura maji.

Dawa ya kuviua virusi hivi haipo, wala chanjo. Lakini mtoto hutibika. Kwa majuma kadhaa daktari humchungulia kwa skeni na kupima mwendo wa damu kichwani mwake. Damu ikiwa haba huwa nyepesi, nayo hukimbia mbio. Hapo mtaalamu hupitisha sindano nyembamba tumboni mwa mama hadi kwenye mshipa wa kitovu, akamwongezea mtoto damu.

Kazi ya kumwongezea damu mtoto wa tumboni ilianzishwa na Dkt William Liley mjini Auckland, New Zealand, mwaka 1963, kwa watoto ambao damu yao ilipingana na ya mama, yaani tatizo la resusi. Hapa kwetu, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, walimwongezea damu mtoto wa tumboni mwaka 2018, kwa tatizo hilo hilo la resusi.

Lakini daktari hawezi kumtibu mtoto asiyejua kama yupo. Kliniki utapimwa wingi na kundi la damu, ukimwi, kaswende na homa ya ini. Utapewa vidonge vya madini ya chuma, na huku pwani dawa ya kukinga malaria pamoja na neti. Mama mwenye virusi vya ukimwi akinywa dawa zake sawasawa, mtoto huweza kuzaliwa bila virusi.

Mavyaa usimjibu kwa ukali. Mwambie kwa adabu kuwa kliniki si baraza, na muuguzi hatangazi mimba ya mtu. Kisha nenda kesho, ueleze habari za watoto wa darasani. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Tukutane Jumapili ijayo.