Jo Hopper alifanya kazi, na kazi ihesabiwe

Mwaka 1923, mchoraji wa Marekani Edward Hopper alikuwa ametimiza miaka 41, na picha ya rangi ya mafuta aliyowahi kuuza ni moja tu, miaka kumi nyuma. Aliyemfungulia mlango ni Josephine (Jo) Nivison, mchoraji mwenzake. Jumba la Makumbusho la Brooklyn lilipomwalika Josephine kwenye maonyesho ya rangi za maji, yeye ndiye aliyewahimiza wachukue na kazi za Edward. Wakachukua, na moja wakainunua kwa dola 100. Wahakiki walimsifu Edward, Josephine hawakumtaja. Mwaka uliofuata wakaoana.

Hadi leo Jo husifiwa kama mke aliyempa mumewe msukumo. Sifa hiyo ni nzuri kuisikia, lakini inamdhulumu, kwa sababu msukumo haulipwi wala haurithiwi, na Jo alifanya kazi. Karibu kila mwanamke unayemwona katika picha za Hopper baada ya ndoa ni Jo aliyesimama au kuketi hadi mchoro ukamilike, akiwemo yule wa blauzi nyekundu kwenye mgahawa wa usiku wa *Nighthawks*, ya mwaka 1942. Kisha kuna madaftari. Edward alichora humo vielelezo vidogo vya kazi zake, naye Jo akaandika kwa mkono wake rangi zilizotumika, nani amenunua na kwa bei gani. Mtafiti anayetaka kuthibitisha historia ya picha ya Hopper huanzia hapo.

Atasema mtu kwamba aliyeshika brashi ni Edward, na kwamba waliosimamishwa kuchorwa ni wengi ila Hopper ni mmoja. Ni kweli, na hakuna anayedai Jo alichora *Nighthawks*. Wengine watasema aliridhia mwenyewe. Hilo silikubali: shajara zake zimejaa uchungu wa mchoraji aliyeona kazi yake ikidharauliwa, hata na mumewe. Alipofariki mwaka 1968, miezi kumi hivi baada ya Edward, kazi zaidi ya 3,000, nyingi zikiwa za mumewe, zilikwenda Jumba la Makumbusho la Whitney, New York, kwa wosia wake. Picha zake mwenyewe nyingi ziligawiwa hospitalini au zikapotea. Makumbusho yanayojivunia Hopper yana wajibu wa kuzitafuta zilizosalia na kuzitundika, na kuandika jina la Jo kwenye kibao cha kila picha aliyosimama ichorwe.