Saa za ziada hospitalini ni deni, lakini si badala ya watu



Kila madaktari wakigoma, suala linaloletwa misikitini ni moja: inajuzu daktari kuacha wagonjwa? Tutalifikia. Kwanza tumtazame mwajiri.

Jirani zetu wa Kenya walisaini makubaliano na chama cha madaktari mwaka 2013, yakigusa mishahara, saa za kazi na kuajiri madaktari zaidi. Hayakutekelezwa. Mgomo ulioanza Disemba 2016 ulidumu siku 100, na viongozi wa chama wakatiwa jela. Mwaka 2024 wakagoma tena, siku 56. Huku wodi zina upungufu, madaktari vijana waliomaliza masomo walikuwa wamekaa nyumbani wakisubiri kupangiwa hospitali.

Wengi husema: walipwe posho zao, yaishe. Kulipwa ni wajibu, hapana khilafu. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu ni mgomvi wa anayemaliza kazi ya mtu kisha akamzuilia ujira. Muuguzi akiamrishwa kuunganisha zamu, saa zile ni deni, na "bajeti haijaingia" hailifuti.

Lakini iko hadithi nyengine, ya Abu Dharr, kuhusu wanaotutumikia: tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha, tuwasaidie. Haikutaja kuwaongezea fedha. Imetaja msaada, na msaada wodini ni mtu wa pili kwenye zamu. Mkunga mmoja mwenye wazazi watano, hata akilipwa mara mbili, mikono yake ni miwili. Na anayepima dawa ya mtoto akiwa hajalala tangu jana, macho yamechoka, amelipwa asilipwe. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Nchi zetu nyingi za Afrika ziko mbali nacho.

Kuhusu mgomo, naona hivi: mgonjwa wa dharura na aliye mikononi mwa daktari haachwi, kwani nafsi haina mbadala. Ila aliyevunja mkataba aliousaini hawezi kumtupia daktari dhambi yote.

Hapa Unguja na Pemba tumejengewa hospitali mpya za wilaya, alhamdulillah. Mwakilishi akija kukuonesheni jengo, muulizeni usiku wanabaki wauguzi wangapi, na saa zao za ziada zimo kwenye fungu gani.